"Bosi, Nikuwekee Antivirusi?"

Ukinunua laptopu Kariakoo, hasa hizi zilizokwisha kutumika zinazoingia kutoka Dubai na Uingereza, kuna swali utaulizwa kabla hujalipia hata begi. "Bosi, nikuwekee antivirusi?" Muuzaji hasubiri sana jibu. Flashi iko mkononi tayari na mashine imeshafunguliwa. Ukiuliza bei atakutajia, ukikunja uso atashuka. Lakini ukimuuliza kama anachokuwekea ni cha bure au cha kulipia, hapo maneno yanakuwa mengi. Huenda ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Huenda ni ya bure, ambayo ungeipakua mwenyewe nyumbani bila kumlipa mtu. Au ni leseni halali kabisa ya kompyuta tatu, ambayo ameshawauzia wateja kumi na moja, na siku kampuni itakapoifunga, wa kwanza kupiga simu ndiye atakayeambiwa "njoo kesho."

Msikilizaji, nitakupa msimamo wangu mapema ili usikae ukiusubiri. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au 11, ya mtu anayeandika barua zake, anayelipa ada za watoto, anayetazama tamthilia na kuhifadhi picha za harusi, antivirusi ya kulipia si ya lazima. Ya bure inatosha, na hiyo ya bure tayari imo ndani ya mashine. Ila ukizima redio sasa hivi utakuwa umeondoka na nusu ya habari, kwa sababu zipo kompyuta zenye antivirusi ya gharama zilizopoteza kila kitu kwa usiku mmoja, na zipo zisizolipiwa hata senti zinazodunda mwaka wa nane. Kinachotenganisha hizo mbili huwa si leseni.

Hii iliyomo ndani inaitwa Microsoft Defender. Historia yake ni ndefu kidogo na inaeleza kwa nini mafundi wetu wengi hawaiamini. Mwaka 2004 Microsoft waliinunua kampuni ndogo ya Marekani iitwayo GIANT, iliyokuwa na programu ya kusaka vijiprogramu vya kupeleleza watu, wakaigeuza ikawa Windows Defender. Mwaka 2009 wakatoa nyingine ya kupakua bure, Microsoft Security Essentials. Windows 8 ilipoingia sokoni 2012, ulinzi huo wote ukawa unakuja na mfumo wenyewe. Huna cha kupakua. Tatizo ni kwamba wakati ule ulikuwa ulinzi wa wasiwasi. Mwishoni mwa 2012 maabara ya AV-TEST, iliyoko Magdeburg nchini Ujerumani na ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, iliinyima Security Essentials cheti. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la mafundi kwamba "hiyo ya Windows ni pambo tu." Lilikuwa neno la kweli, kwa mwaka ule. Maabara hiyo hiyo hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kutoifanya mashine iwe nzito, na 6 kwa kutomshutumu asiye na hatia, yaani kutoliita faili zuri kirusi. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata zote 18 au ikizikaribia sana. Kwa hiyo fundi akikuambia ni pambo, muulize kwa upole amesoma matokeo ya mwaka gani.

Kuiangalia kama inafanya kazi ni jambo la dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika maneno mawili, Windows Security, kisha ingia. Utaona alama ya ngao na tiki ya kijani. Ikiwa ya njano kuna kitu kinakusubiri, ikiwa nyekundu kuna kitu kimezimwa. Fungua sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, usome tarehe ya mwisho ya kupokea orodha ya virusi wapya. Ukikuta ni ya miezi mitatu iliyopita, tiki ya kijani isikudanganye.

Na kama wewe ni Tomaso, unataka kutia kidole, lipo jaribio. Taasisi moja ya Ulaya iitwayo EICAR ilitunga mstari mmoja wa herufi 68. Si kirusi, hauna madhara yoyote, lakini watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kwamba programu zao zikiuona zipige yowe. Unaubandika kwenye Notepad, unauhifadhi, unatulia uone. Ningekusomea hapa hewani, ila una mabano, una alama za dola, una nyota na asilimia, tungelala studio. Utafute kwa jina hilo hilo, EICAR. Antivirusi yako ikikaa kimya baada ya kuuhifadhi, basi uliyekuwa unamtegemea amelala, awe wa bure au wa malipo.

Sasa, kwa nini nasisitiza ya bure iliyomo, nisiseme ya bure yoyote ile? Kwa sababu ya mambo yaliyotokea kwa Avast.

Wanaozikumbuka intaneti kafe za miaka ya 2000 wanaijua Avast vizuri. Ni ya Jamhuri ya Cheki, mizizi yake ni ya mwaka 1988, na ilikuwa kila mahali kwa sababu ilikuwa bure na ilikuwa nzuri kweli. Watu mamilioni waliiweka ili iwalinde. Kumbe kampuni ilikuwa na mtoto wake, kampuni tanzu iitwayo Jumpshot, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza habari za kurasa ambazo watu hao hao walikuwa wakizitembelea. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walilianika jambo hilo, na siku chache baadaye Avast wakatangaza kuifunga Jumpshot. Shauri halikuishia hapo. Februari 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza habari za matembezi ya watu mtandaoni kwa ajili ya matangazo. Kwa maelezo ya tume hiyo, kati ya 2014 na 2020 Jumpshot iliwauzia habari hizo wanunuzi zaidi ya 100.

Kampuni ilijitetea kwamba majina ya watu yalikuwa yameondolewa. Hebu fikiria mwenyewe. Mtu anafungua ukurasa wa dalili za ugonjwa fulani saa saba usiku, kesho yake anatafuta ramani ya kliniki, keshokutwa anasoma masharti ya mkopo, kisha anaingia kwenye ukurasa wake mwenyewe wa mtandao wa kijamii. Ukiziweka hatua hizo kwa mpangilio, saa kwa saa, jina lake la kazi gani? Antivirusi ni programu inayopewa ruhusa ya kuona kila kitu ndani ya mashine. Bila hivyo haiwezi kufanya kazi. Ndiyo maana swali la nani anailipia lina uzito kuliko kwa programu ya kuchezea muziki.

Usidhani kwamba ukitoa pesa umetoka kabisa kwenye mikono hiyo. Mwaka 2016 Avast waliinunua AVG, nyingine iliyokuwa maarufu kwetu, kwa dola bilioni 1.3. Baadaye Norton nao wakaichukua Avira ya Ujerumani. Kisha mwaka 2022 Norton na Avast wakaungana, na kampuni mama leo inaitwa Gen Digital. Maana yake, yule mtu anayesimama dukani akipima Avast ya bure huku, Norton ya kulipia kule, AVG upande huu na Avira upande ule, anachagua kati ya watoto wanne wa baba mmoja.

Tugeukie za kulipia. Injini ya kukamata virusi kwenye toleo la bure na toleo la kulipia la kampuni moja, mara nyingi ni ile ile. Sheria ya biashara inawalazimu: wakiacha virusi vipite kwenye la bure, jina linaharibika hadi kwenye la kulipia. Unacholipia ni vilivyozunguka injini hiyo. VPN, mahali pa kutunzia maneno ya siri, udhibiti wa watoto, ulinzi wa simu, na kitu cha kusafisha mashine ambacho, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni kukuonyesha tarakimu za kutisha ili ujisikie umefanya usafi. Vingine vya maana vinapatikana bure. Vingine vinashangaza: mwaka 2021 Norton waliingiza ndani ya antivirusi yao chombo cha kuchimba sarafu za kidijiti kwa kutumia kompyuta ya mteja aliyekubali kukiwasha, na kampuni ikichukua asilimia 15 ya kinachopatikana. Antivirusi! Umeme unalipa wewe.

Halafu kuna mtego wa mwaka wa pili. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka ukiisha, kadi yako inakatwa yenyewe, na safari hii kwa bei kamili, ambayo inaweza kuwa maradufu au zaidi. Malalamiko haya ni ya siku nyingi. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliwatoza Symantec, waliokuwa wenye Norton wakati huo, na McAfee dola 375,000 kila mmoja kwa kuwakata wateja pesa za kuendeleza leseni bila kuwaeleza waziwazi. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza nayo ikawabana wote wawili kwa mtindo huo huo, hadi wakakubali kurudisha pesa kwa wanaojitoa. Miaka kumi na miwili katikati, wimbo haujabadilika. Kwa hiyo ukiamua kulipia, tumia kadi ya mtandaoni ya simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay kwa wasikilizaji wa Kenya au zile zinazotolewa na mitandao yetu hapa Tanzania, weka humo kiasi kinachohitajika tu, kisha siku hiyo hiyo ingia kwenye akaunti uzime malipo ya kujirudia.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Kaspersky, kwa kuwa maboksi yake bado yanapangwa kwenye makabati ya maduka yetu. Ni kampuni ya Urusi. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mauzo yake nchini mwao kwa sababu za usalama wa taifa, na kuanzia 29 Septemba mwaka huo haikuruhusiwa tena hata kupeleka masasisho kwa wateja wa huko. Huku kwetu inauzwa kihalali, na kwenye vipimo vya maabara imekuwa ikifanya vizuri miaka nenda miaka rudi. Ungekuwa unafanya kazi wizarani ningekuambia hilo liamuliwe na wakubwa wako. Lakini kwa mwalimu wa Tabora mwenye mitihani na picha za familia, sioni kwa nini aihofie Moscow kuliko anavyomhofia yule aliyemwekea programu kutoka kwenye flashi isiyojulikana ilikotoka.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, msikilizaji, maana ndipo maafa mengi ya majumbani yanapoanzia.

Kuanzia 2018 kimekuwapo kirusi kinachoitwa STOP, wengine wakikiita Djvu. Hakiwalengi mabenki. Kinamlenga mtu wa nyumbani, na njia yake kuu ni programu za wizi: Photoshop iliyovunjwa kufuli, mchezo wa kompyuta uliovunjwa kufuli, kijiprogramu cha kuifanya Windows au Office ionekane imelipiwa. Unapakua. Ndani kuna faili la maelekezo, na sharti la kwanza huwa moja: zima antivirusi kabla ya kuendelea, la sivyo haitafanya kazi. Unazima. Hapo umemwajiri mlinzi getini, kisha umemwambia ageukie ukutani mpaka mgeni apite. Awe mlinzi wa bure au wa mshahara mkubwa, mgeni ameshapita.

Mara nyingi programu uliyoitaka inafunguka vizuri, unafurahi. Baada ya muda unakwenda kufungua picha, haifunguki. Unatazama jina lake: mwishoni, baada ya .jpg, pameongezeka herufi nne zisizo na maana yoyote. Unajaribu nyingine, vivyo hivyo. Tasnifu, vivyo hivyo. Daftari la vikoba la Excel, vivyo hivyo. Na katika kila folda kuna faili jipya dogo liitwalo _readme.txt. Ukilifungua unakuta barua ya Kiingereza, yenye adabu hata, ikikuambia mafaili yako yote yamefungwa na ufunguo unauzwa dola 980. Ukiwahi ndani ya saa 72 utapunguziwa nusu, dola 490. Muuzaji wa Kariakoo hakutoa punguzo kama hilo.

Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungulia mafaili yaliyofungwa na matoleo 148 ya kirusi hicho, na watu wengi walipata nafuu. Lakini kwa matoleo yaliyofuata hali ni ngumu zaidi. Kirusi kikifanikiwa kuwasiliana na wenyewe kupitia intaneti, kinapewa ufunguo wa mashine yako peke yako, na hapo hakuna wa kukusaidia. Kikishindwa kuwasiliana, kinatumia ufunguo wa jumla kilichokuja nao, na baadhi ya funguo hizo zimekuja kupatikana. Kwa maneno mengine, wapo waliookoa mafaili yao kwa sababu bando lilikuwa limekwisha saa hiyo. Ni bahati ya ajabu, usiitegemee.

Mstari wa mwisho wa habari hiyo ni kwamba mtu aliyekwepa kulipia programu, akaenda kulipia antivirusi, kisha akaizima antivirusi ili programu ya wizi iingie, ametupa pesa zake. Angepata LibreOffice bure na halali, inafungua mafaili ya Word na Excel, na asingelazimika kumzima mtu yeyote.

Nimelitaja bando. Hili nalo wenzetu wa Ulaya wanaoandika kuhusu antivirusi hawalioni kabisa, na kwetu ndilo linaloamua. Windows inapopokea masasisho inakula megabaiti kwa mamia, wakati mwingine inapita gigabaiti. Mtu anayeishi kwa kuwasha intaneti ya simu na kuirusha kwenye laptopu akiliona bando la wiki linayeyuka asubuhi moja, anakwenda kwa fundi: "Nizimie hizi apdeti." Fundi anazizima zote, jumla. Kuanzia siku hiyo mashine haipokei viraka vya Windows, na Defender haipokei orodha ya virusi wapya. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika.

Mei 2017 dunia ililiona jambo hili kwa ukubwa wake. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa tarehe 12 mwezi huo, kikafika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikawa zinaahirisha upasuaji. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia Microsoft walikuwa wamekitoa tangu tarehe 14 Machi. Miezi miwili kasoro siku mbili. Walioumia wengi hawakukosa antivirusi. Walikosa kuapdeti.

Kwa hiyo usizime, panga. Windows ina mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kiasi. Ukiuweka hivyo inaacha kupakua mizigo mizito bila kukuuliza. Kisha mara moja kwa wiki nunua bando la usiku, ondoa mpangilio huo, iache laptopu kwenye chaja ujilalie. Na aliye mbali na mtandao kabisa anaweza kupakua orodha ya Defender kwenye kompyuta nyingine, kutoka kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, akaibeba kwenye flashi. Ni zaidi ya megabaiti mia moja kila unapoipakua.

Kuna udhaifu mmoja wa Defender ambao ni lazima niutaje, kwa kuwa unatuhusu sisi kuliko wengine. Sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye seva za Microsoft. Inapokutana na faili isilolijua, inauliza huko. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima programu hizi zikiwa na intaneti na zikiwa hazina, na bila intaneti Defender hushuka waziwazi, wakati Bitdefender ya Romania na zile zinazoazima injini yake hubaki juu. Sasa chukua kompyuta ya kijijini isiyoona mtandao wiki nzima, lakini inachomekwa flashi za watu ishirini. Kwa mashine ya namna hiyo ningeweka Bitdefender. Nayo ina toleo la bure. Utahitaji intaneti siku ya kuiweka, ufungue na akaunti, na mara moja moja uiapdeti. Ukishaiweka, Defender inajiweka pembeni yenyewe. Usiweke ya tatu, maana antivirusi mbili zinazolinda wakati mmoja hugombana na mashine ndiyo inayoumia. Ile ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya nayo, siku zake zikiisha, ing'oe kabisa. Defender hurudi kazini bila kuitwa.

Flashi zenyewe nizigusie. Unapeleka kazi steshenari kuchapisha, unarudi nyumbani, unaichomeka, kila folda imekuwa kishale, yaani shortcut, na ndani yake hamna kitu. Kilichotokea ni kwamba kirusi kimezificha folda zako halisi na kuweka vishale vya uongo vyenye majina yale yale. Ukibonyeza kishale unakiendesha kirusi. Antivirusi nzuri inakiua kirusi na kufuta vishale, na hapo flashi inabaki tupu machoni. Mtu anapiga kelele, "Antivirusi imekula kazi zangu!" Anaizima, au anaing'oa. Kazi zipo. Tazama nafasi iliyotumika kwenye flashi, utaona gigabaiti zako ziko pale pale. Fundi mwenye kuijua amri ya attrib anazirudisha kwa mstari mmoja.

Wenye laptopu za kizazi cha saba cha Intel kurudi nyuma, na ndizo zinazojaa sokoni, wana jambo lao. Windows 11 kwa masharti ya Microsoft inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wamesema Defender ya Windows 10 itaendelea kupokea orodha ya virusi hadi 2028. Orodha ya virusi ni kitu kimoja, viraka vya mfumo ni kingine, na hata antivirusi ya bei ghali haiwezi kuziba matundu ya Windows yenyewe. Kwa mtu wa nyumbani kuna nyongeza ya viraka hadi 13 Oktoba 2026, inayopatikana kwa dola 30, au bila pesa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Iko kwenye ukurasa wa masasisho wa Windows. Kabla hujanunua antivirusi kwa ajili ya mashine hiyo, anza na hilo.

Je, yupo anayepaswa kulipia? Yupo. Mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, mwenye hesabu za wateja na namba zao za mlipa kodi, alipie, na achague bidhaa ya biashara ndogo yenye mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, na ile ya Kenya ya 2019, hazimwachi atunze habari za watu kiholela. Mzazi mwenye kompyuta tatu na simu tano ndani ya nyumba, anayetaka kudhibiti saa za watoto kutoka mahali pamoja, akilipia sitamcheka, ingawa Microsoft na Google wanazo njia zao za bure. Na mtu mzima anayebonyeza kila kinachomrukia, hasa yale madirisha yanayopiga king'ora kwamba "kompyuta yako ina virusi vitano," huyo antivirusi ya kulipia itamsaidia kiasi. Kitakachomsaidia zaidi ni mjukuu wa kuingia kwenye kivinjari chake na kuzima arifa za tovuti zote, kwa sababu hapo ndipo madirisha hayo yanapotoka.

Waliobaki, pesa ya leseni ya miaka miwili mitatu ikusanyeni mnunue diski ya nje, ile eksteno, hata ya terabaiti moja. Kila mwisho wa mwezi unanakili picha, vyeti vilivyopigwa skani, kazi za shule, hati ya kiwanja, kila ambacho kikipotea hakuna duka la kukinunua tena. Hakikisha kimoja au viwili vinafunguka kutoka kwenye diski yenyewe, usiridhike kuona majina tu. Kisha ichomoe uiweke kabatini. Usiiache imechomekwa, kwa kuwa STOP na ndugu zake hufunga kila diski wanayoikuta kwenye mashine, na eksteno iliyochomekwa kwao ni folda nyingine tu.